Sura ya Saba: Mkeka Juu ya Shimo

Wazee wa Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu wa ufalme wa Waluba, walikuwa na ubao wa mti unaotosha kushikwa kwa mkono mmoja. Ubao huo huitwa lukasa. Uso wake umejaa shanga za rangi na ukubwa mbalimbali, pengine na vipande vya kauri, na mahali pengine mchongaji ameweka alama na vinundu badala ya shanga. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, moja baada ya nyingine, na kila kidole kilipotua simulizi ilitoka. Ushanga mkubwa uliozungukwa na shanga ndogondogo ni mfalme na watu wa baraza lake. Safu ya shanga ni njia waliyopita watu walipohama. Rangi moja ni ya shujaa, nyingine ya adui yake.

Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, walioandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Waluba mjini New York mwaka 1996, walieleza jambo ambalo mtu anayeuona ubao huu nyuma ya kioo cha makumbusho hawezi kulidhani. Lukasa haikusomwa kama kitabu kinavyosomwa. Wasomaji wawili waliopewa ubao uleule wangeweza kusimulia mambo yasiyofanana, kwa kuwa simulizi ilitegemea nani amekaa mbele, shauri gani linakatwa siku hiyo, ukoo gani unadai haki yake, na ufundi wa msomaji mwenyewe. Lakini shanga hazikusogea. Msomaji hakuweza kumfuta mfalme kwa sababu hakumpenda, wala kuuruka mto uliokuwa pale ubaoni. Alibuni mbele ya kitu kilichokwisha kupigiliwa.

Kwangu mimi ubao ule unaeleza kiini cha gemu kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa juu ya gemu. Mawazo yaliyoachwa bila kitu cha kuyapinga huzunguka palepale. Yakikutana na kitu kisichotii, kama ushanga, dadu, mteremko au sheria waliyokubaliana watu, hulazimika kutafuta njia, na hapo ndipo kitu kipya huzaliwa. Sura hii inafuata wazo hilo kutoka kwenye ubao hadi mezani, na kutoka mezani hadi kwenye mashine.

Mahali pa kulifuatia ni Mitwaba. Ni mji mdogo na makao ya teritwari katika mkoa wa Haut-Katanga, Kongo, kaskazini mwa Lubumbashi, kwenye barabara inayopita Likasi na kupanda kuelekea Manono. Milima ya Kibara imepita humo. Lusinga, makao ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939, iko katika teritwari hiyo, na ni kwenye nyanda za juu za huko ambako pundamilia wachache waliobaki Kongo bado wanakula majani. Ukishuka kuelekea magharibi unaingia bonde la Upemba, lenye maziwa na mto Lualaba, nchi ambayo Waluba wanaihesabu kuwa chimbuko lao. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wanaakiolojia walianza kufukua makaburi ya kale mwaka 1957, wakakuta vyungu, mapambo na misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wenyewe, mamia ya miaka kabla ya Mzungu yeyote kuliona bonde lile. Mtoto wa Mitwaba anayetaka ulimwengu wa ajabu wa kuchezea hana haja ya kuuagiza ng'ambo.

Wala watoto wa mkoa huu hawajawahi kungoja waletewe. Francis Alÿs, msanii mzaliwa wa Ubelgiji anayeishi Mexico, amekuwa akipiga filamu fupi za michezo ya watoto duniani tangu mwaka 1999. Mwaka 2021 alifika Katanga. Filamu moja aliyoipiga Lubumbashi inaitwa La roue, yaani gurudumu, na mwaka uliofuata ilionyeshwa katika banda la Ubelgiji kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Watoto wanapandisha tairi la gari juu ya kilima cha mabaki ya mgodi. Kazi ni ngumu, mteremko ni mkali, kokoto zinaporomoka chini ya miguu. Wakifika juu, mtoto anajikunja ndani ya tairi na kubingirika hadi chini. Kile kilima ni uchafu uliobaki baada ya watu wengine kuchukua utajiri wao, na tairi limetupwa na mwenyewe. Watoto wakaviweka pamoja, wakapata chombo cha kurukia. Hakuna aliyewaandikia sheria. Mteremko wenyewe ndio sheria.

Safari hiyohiyo Alÿs alipiga filamu ya kisolo, mchezo wa mashimo na kete ambao watu wa pwani wataufananisha na bao. Sitakaa sana kwenye kisolo. Ni mchezo mkubwa wa akili, ila mchezaji anabaki yeye mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na kila kitu kiko wazi mbele ya macho. Ninachotafuta hapa ni mchezo unaomfanya mtu awe mtu mwingine kwa muda.

Mchezo wa namna hiyo, kwa umbo linalochezwa leo mezani katika nchi nyingi, una umri wa nusu karne tu, na ukoo wake ni wa kijeshi. Maofisa wa Prussia, mwanzoni mwa karne ya 19, walijifunza vita juu ya ramani, kwa vipande vidogo, dadu na majedwali marefu ya sheria. Mwaka 1876 mmoja wao, Julius von Verdy du Vernois, alishauri majedwali yawekwe kando na mwamuzi mwenye uzoefu akate shauri kwa busara yake. Ushauri huo ulikuwa na uzito kuliko alivyojua. Pale penye majedwali peke yake, mchezaji hufanya yale tu yaliyoandikwa. Pale penye mwamuzi anayesikiliza, mchezaji anaweza kuuliza: je, nikichoma daraja?

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1969, David Wesely wa Minnesota, Marekani, aliandaa mchezo wa vita katika mji wa kubuni alioupa jina la Braunstein. Badala ya kumpa kila mchezaji jeshi, baadhi yao aliwapa mtu mmoja mmoja wa mji ule, kila mtu na shida zake na lengo lake. Wachezaji wakaanza kufanya mambo yasiyokuwamo kwenye mpango. Walijitenga vyumbani kunong'onezana, wakala njama, wakatoleana changamoto za kupigana wawili wawili. Wesely aliamini kwamba mchezo umemharibikia. Wachezaji walimwomba aurudie. Mmoja wa kundi lile, Dave Arneson, akaanza kuendesha mchezo wake mwenyewe wenye ngome na mahandaki, kisha akashirikiana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu, vijitabu vitatu vyembamba ndani ya kasha. Leo mchezo huo unachezwa na mamilioni ya watu.

Namna ya kucheza ni nyepesi kueleza. Watu wanne au watano wanazunguka meza. Mmoja ni msimulizi: anasema kuna nini mbele, anazungumza kwa niaba ya kila mtu na kila mnyama watakayekutana naye. Wengine kila mmoja ameshika mhusika wake, ambaye nguvu zake na udhaifu wake vimeandikwa kwenye karatasi. Msimulizi anasema kilichopo, mchezaji anasema anachofanya. Kama jambo ni gumu, dadu inarushwa. Hakuna ubao unaohitajika wala picha.

Ili tuone kinachotokea hapo, tuchukue kisa ambacho Waluba wamekisimulia vizazi na vizazi. Nkongolo Mwamba ni mfalme mkatili mwenye ngozi nyekundu. Mbidi Kiluwe, mwindaji mtukufu kutoka mashariki, anafika nchini mwake, anawaoa dada zake, kisha anarudi kwao. Anazaliwa Kalala Ilunga, kijana hodari vitani, na sifa zake zinamuuma mjomba. Nkongolo anachimba shimo, anasimika mikuki ndani yake, anatandika mkeka juu, halafu anamwalika mpwa wake aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma anajua siri, na anaionya miguu ya Kalala Ilunga kwa mapigo. Kijana anachoma mkeka kwa mkuki, shimo linafichuka, anaruka, anakimbia na kuuvuka Lualaba kwenda kwa baba yake. Baadaye anarudi na jeshi.

Msimulizi wa hadithi anajua mkeka utachomwa. Wasikilizaji wanajua pia, na utamu wa simulizi uko katika kungoja jambo linalojulikana. Sasa iweke hadithi hiyohiyo mezani. Msimulizi anasema: uko uwanjani kwa mjomba wako, watu wamejaa, ngoma imeanza, mkeka mpya umetandikwa katikati, na mjomba anakupungia mkono uingie. Unafanya nini?

Katika swali hilo la mwisho ndimo ulimo mchezo wote. Aliyeshika nafasi ya Kalala Ilunga anaweza kusema kwamba anamwomba mjomba amfungulie ngoma, kwani ni heshima ya mkubwa kutangulia. Anaweza kujifanya mgonjwa. Anaweza kusema anamtegea masikio yule mpiga ngoma, na hapo msimulizi atataka dadu: je, anaielewa lugha ya ngoma kiasi cha kulisoma onyo? Mwingine, ambaye ameshika nafasi ya mpiga ngoma, anatetemeka kwa kuwa akipiga onyo kwa nguvu mno Nkongolo atalisikia. Wote wanajua hadithi ya kale inakokwenda, na hakuna anayejua hii ya leo itakwenda wapi. Mfalme yupo, shimo lipo, mto upo, kama shanga kwenye lukasa. Kilichobaki wazi ni mtu atakayepita katikati yao.

Na dadu? Watu wengi hudhani dadu inaua ubunifu, kwamba msimuliaji bora asingeihitaji. Mimi naona kinyume. Dadu ya pande 20 inampa kila upande nafasi 5 katika 100, na haimjui mtu. Ukirusha dadu mbili za kawaida za pande sita na kujumlisha, kuna njia 36 za kuanguka. Jumla ya 7 ina njia 6, jumla ya 2 ina njia moja tu, na 12 vilevile. Kwa hiyo mwenye kutunga sheria za mchezo anaweza kupanga ni kitu gani kitatokea mara nyingi na kipi kitatokea kwa nadra, ila hawezi kuamuru kitatokea lini. Mchezaji aliyeandaa hotuba nzuri ya kumlainisha Nkongolo anarusha, anapata 2. Mjomba hakulainika. Sasa mpango umevunjika mbele ya watu wote, na lazima mtu aseme kitu. Maneno mazuri kuliko yote mezani hutoka katika nafasi hiyo, dadu inapokataa.

Waganga wa bilumbu wa Waluba waliifahamu nguvu ya kitu kisichoamriwa. Walikuwa na kibuyu chenye sanamu ndogondogo na vitu vingine vingi. Kilitikiswa, kikafunuliwa, na mganga akasoma namna vitu vilivyolala na vilivyogusana. Ule si mchezo, na sitaki kuufanya mchezo: watu walipeleka pale magonjwa yao na misiba yao. Nataja kibuyu kwa sababu kinaonyesha kwamba katika nchi hii akili ya kusoma bahati na kuijengea maana imekuwa kazi ya wataalamu tangu zamani.

Jukwaani pia Lubumbashi imeifanya kazi hii. Kikundi cha maigizo cha Mufwankolo kimewachekesha na kuwaonya watu wa mji huo kwa Kiswahili chao kupitia redio, televisheni na majukwaa. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji maana ya methali inayosema madaraka huliwa mazima. Hawakumpa jibu la sentensi moja. Waliamua kuijibu kwa mchezo, na Fabian akaandika kitabu kizima juu ya jinsi mchezo ule ulivyozaliwa. Walijadiliana, kila mmoja akaeleza anavyoielewa methali, wakapanga matukio yafuatane vipi na nani awe chifu, nani mke wake, nani mpinzani. Hakuna aliyeandika maneno ya kusema. Katika kila zoezi maneno yalikuja upya, na mwisho mchezo ulirekodiwa kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, wanakijiji wenyewe wakiwa ndani yake.

Nikisoma maelezo ya mazoezi yale naiona meza ya Arneson, tofauti tu ni kwamba waigizaji wa Mufwankolo walikuwa mahodari zaidi. Walikuwa na methali isiyogeuka na mpangilio wa matukio. Ndani ya hayo kila mtu alimjibu mwenzake papo kwa papo, akijua kwamba jibu baya litaiangusha sehemu nzima. Mtu anayesema michezo ya kuigiza wahusika ni jambo geni la vijana wa Marekani angefaa aonyeshwe kazi ile ya mwaka 1986.

Tuingie kwenye mashine. Katikati ya miaka ya 1970 Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kuchunguza mapango, alikuwa akicheza Dungeons & Dragons na wenzake. Baada ya kuachana na mkewe, aliandika programu ambayo binti zake wangeweza kuicheza, akitumia ramani halisi ya sehemu ya pango la Mammoth huko Kentucky. Haikuwa na picha. Kompyuta ilieleza kwa maneno mahali ulipo, wewe ukaandika amri fupi ya neno moja au mawili, ikajibu. Mwanafunzi wa Stanford, Don Woods, aliiongezea mambo, na kutoka kwa gemu ile, Colossal Cave Adventure, umetoka ukoo mkubwa wa gemu za kusafiri na kuvumbua.

Lakini kitu kimoja kilipotea njiani. Ukiandika amri ambayo Crowther hakuifikiria, mashine ilijibu kwamba haielewi. Mashine ni mwamuzi asiyesikia swali la daraja. Tangu wakati ule picha zimekuwa nzuri kupita kiasi, sauti zimekuwa za kweli, bajeti zimefika mamilioni ya dola, na ukuta huo bado upo. Katika gemu nyingi mkeka wa Nkongolo unaweza kuchomwa kwa sababu mtengenezaji ameweka kitufe cha kuuchoma. Kumwomba mjomba atangulie hakuna kitufe chake.

Hii haina maana kwamba gemu za video ni duni. Baadhi yake zimeelewa kwamba kama mashine haiwezi kusikiliza, basi impe mchezaji vitu vinavyomkatalia. Minecraft, iliyotoka rasmi mwaka 2011, haimsimulii mtu lolote. Inampa nchi ya matofali: ukitaka nyumba, chimba kwanza, ukitaka kifaa cha chuma, tafuta mawe yenye chuma na uyayeyushe. Mtoto wa Katanga hahitaji maelezo marefu kuhusu mlolongo huo. Na baada ya kuchimba, hakuna anayemwambia ajenge nini.

Katika vibanda vya gemu vya Lubumbashi, huko Katuba, Ruashi au komyuni ya Kenya, hali ni tofauti. Kinachotawala ni kandanda. Unalipa kwa mechi, anayeshinda anabaki, anayeshindwa anampisha mwingine. Ndani ya kioo ubunifu ni mdogo, sheria ni za kandanda na wachezaji ni nyota wa Ulaya. Ubunifu uko kwenye benchi. Anayengoja zamu yake anatangaza mechi kwa sauti, anawapa wachezaji majina mapya, anamfanya kipa asherehekee kama Kidiaba wa Mazembe, ambaye dunia nzima ilimwona akirukaruka kwa makalio mwaka 2010, klabu ile ya Lubumbashi ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Vijana hao wanaijaza mechi mambo ambayo kampuni iliyoitengeneza haikuyaweka.

Afrika Mashariki wako waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Kenya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu ambayo hata injini yake, yaani programu inayoiendesha, aliiandika mwenyewe. Upande wa pili wa bara, mjini Yaoundé, Kiro'o Games ya Olivier Madiba ilitoa Aurion mwaka 2016, baada ya kuchangisha fedha kwa watu mtandaoni na kufanya kazi kati ya katizo moja la umeme na lingine. Shujaa wake anapigana kwa nguvu anazorithi kwa mababu. Lakini mfano ninaoupenda zaidi hauna jina la mtu mmoja. Mwaka 2017 kampuni ya Maleo ya Indonesia ilitoa gemu ya kuendesha basi, na ikaacha mlango wazi kwa wachezaji kuingiza magari yao wenyewe. Vijana wa Kenya wakaingiza matatu zenye michoro, taa na honi zake. Wenzao wa Tanzania wakaingiza mabasi ya mikoani, kwa rangi na maandishi yaleyale ya stendi. Wamechukua gemu iliyotungwa kwa barabara za Java, wakaikalia kama dereva anavyokalia gari alilokabidhiwa, na kuiendesha kwao. Hapo mlango ulikuwa mdogo tu, na angalia kilichopita.

Kuna jambo lingine linaloiunganisha Mitwaba na mashine hizi, na haliwezi kuachwa katika kitabu cha kweli. Ardhi ya Mitwaba ina madini ya bati na koltani. Bati ndiyo inayolehemu vipande vya umeme kwenye ubao wa kila konsoli na kila simu. Kutoka kwenye koltani hupatikana tantalamu, inayotumika katika vipande vidogo vinavyohifadhi chaji. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla duniani, wakati mahitaji ya vifaa vya elektroniki yalipokuwa makubwa, na watu walimiminika machimboni mashariki mwa Kongo, wenye bunduki wakiwa nyuma yao. Kijana anayelipia mechi Katuba ameshika mikononi kitu ambacho huenda sehemu yake ilitoka kwenye udongo wa mkoa wake, ikazunguka dunia, ikarudi ikiwa na bei.

Gemu moja ilithubutu kulisema hilo. Mwaka 2011 kundi la Molleindustria la Paolo Pedercini lilitoa Phone Story, gemu ya simu inayosimulia maisha ya simu yenyewe. Hatua yake ya kwanza iko Kongo: mchezaji anawaongoza walinzi wenye silaha kuwasukuma watoto wasiache kuchimba koltani, na asipofanya hivyo anashindwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo Apple iliiondoa dukani kwake muda mfupi baada ya kutangazwa. Naiheshimu sana kazi ile. Hata hivyo ndani yake Mkongo ni mtoto anayechimba tu, hasemi kitu, hana nafasi ya kumjibu mlinzi. Gemu ilitungwa ili mwenye simu aione dhamiri yake, na hilo ililitimiza. Nafasi ya yule mtoto bado haijapata mchezaji.

Meza inaweza kumpa. Mitwaba haihitaji konsoli wala kungoja umeme ili jambo hili lianze. Karatasi, kalamu, dadu mbili. Kama dadu hazipo, vizibo vya chupa vilivyoandikwa namba na kuchotwa bila kutazama vitafanya kazi ileile. Mwalimu anayefundisha historia ya Waluba anaweza kuwagawia wanafunzi nafasi za Mbidi Kiluwe, Bulanda mama yake Kalala Ilunga, mpiga ngoma, na mjumbe anayepelekwa kumwita kijana huku akijua anakoitwa. Nafasi ya mjumbe ndiyo ningeitaka mimi. Historia haisemi mengi juu yake, na ana uamuzi mzito kuliko wote. Ulimwengu wenyewe uko nje ya dirisha: milima, ukungu wa Upemba, pundamilia, mashimo ya zamani ya wachimbaji. Kazi ya kuuandika ifanywe na wanaoujua, kwa Kiluba na kwa Kiswahili cha Katanga, kabla mtu wa mbali hajauandika kwa niaba yao na kuuuza.

Kuna tahadhari moja, na ni nzito kwa mji huu. Mitwaba ni pembe moja ya eneo ambalo, pamoja na Manono na Pweto, watu wameliita pembetatu ya mauti. Vijiji vilichomwa, watu walikimbia kwa maelfu, na ni Mitwaba ambako kiongozi wa wanamgambo wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha kwa jeshi la Umoja wa Mataifa mwezi Mei 2006, kabla ya vita vingine kufuata. Kuna watu huko ambao kwao shimo lenye mikuki si hadithi ya mfalme wa kale. Msimulizi anayeleta mezani kijiji kinachoungua anaweza kumgusa mtu mahali pasipogusika, na hatajua, kwa sababu mchezaji atanyamaza.

Wachezaji wa Marekani walikutana na tatizo hili katika meza zao, na mmoja wao, John Stavropoulos, akatoa jibu ambalo limeenea: kadi moja yenye alama ya X, inayowekwa katikati ya meza tangu mwanzo. Yeyote anayeona simulizi imefika asikoweza kwenda anaigusa kadi. Haulizwi sababu, wala hatoi maelezo. Tukio lile linafutwa na mchezo unaendelea bila hilo. Kuna msimulizi atakayeona kadi hiyo inamfunga mikono. Mimi ningemwambia ni ushanga mwingine uliopigiliwa ubaoni: mahali fulani pamekatazwa, na yeye ndiye mwenye kazi ya kubuni, papo hapo, njia nyingine ya kuwavusha watu wake mto.